Mwendo wa Ndege

Rula yangu ya plastiki imevunjika ncha,
inaanzia sentimita ya pili.
Naiegemeza kwenye ramani ya ukutani,
toka Suordakh hadi Tuoskai,
natoa mbili, nazidisha,
naiambia simu: kilomita mia tatu na kumi na mbili.
Dakika hamsini na tano, upepo ukiwa na adabu.

Jibu hilo watu hulipenda.
Hushukuru, hukata simu
kabla sijawaambia kwamba ndege haipo.

Ndege yupo. Huyo simkatai.
Kunguru huondoka kila siku juu ya paa letu la mabati,
hapimwi mzigo, haulizwi kitambulisho,
na saa ya kufunga ofisi, nadhani, ameshatua Tuoskai.
Ndege yupo, ndege haipo:
neno ni lile lile,
kiambishi ndicho kilichotuacha hapa.

Ile yenye pangaboi mbili na viti arobaini na vinane
iliondolewa kwa barua ya aya moja.
Njia haina faida, ilisema barua.
Sasa kwenda kwa jirani ni hivi:
shuka kusini hadi mji mkuu, saa tatu angani,
lala kwenye viti vya chuma,
kisha panda kaskazini tena, saa tatu kasoro,
Mungu akipenda na ukungu ukikubali.
Ni kulitia tonge mdomoni
kwa kulizungusha kisogoni kwanza.

Sargilana alikuja Januari,
baridi ya arobaini na tisa chini ya sifuri,
kope nyeupe, amekumbatia pande la maziwa
yaliyogandishwa katika beseni la mama yake,
kijiti kimesimama katikati kiwe mpini.
Mdogo wake, Kunnei, amejifungua huko Tuoskai, siku ya nane,
hataki supu ya mtu wala nguo za mtoto,
anataka maziwa ya Harachan,
ng'ombe aliyemwacha nyumbani alipoolewa.

Nikauliza kama kanuni inavyotaka:
je, hiki ni kimiminika?
Akakigonga kwenye kaunta.
Ko. Ko.
Nikaandika: kitu kigumu, kilo tatu na robo.

Kwa dakika hamsini na tano yangefika na umbo lake,
hata na alama ya ufa wa beseni ubavuni.
Lakini mji mkuu una ukumbi wenye joto,
ukungu wa barafu ukafunga uwanja siku mbili,
na Sargilana akasinzia nayo mapajani.
Aliamka sketi imelowa.
Ogdo wa mgahawa hakumpa pole.
Alileta trei ya chakula, ile yenye vyumba vyumba,
akamimina yaliyosalia, akaitoa nje kwenye theluji,
akafunika kwa gazeti na tofali, kwa sababu ya mbwa.

Picha ilinifikia siku tano baadaye:
maziwa juu ya meza ya Kunnei,
papana pa supu, pembeni pa mkate,
duara dogo la kikombe.
Ukingoni mwa picha, ngumi ya mtoto.
Kunnei ameandika: Beseni la mama limepatwa na nini?

Huwa nacheka nikiisoma.
Siku nyingine naisoma tu.

Simu inaita. Mwanamume, ana haraka,
nyuma yake injini ya gari haijazimwa.
Suordakh na Tuoskai, kuna umbali gani?
Nachukua rula. Natoa mbili.
Mia tatu na kumi na mbili, nasema,
kisha mbio mbio, kabla hajashukuru:
usikate.